Korosho: Mti, Turubai na Mtaji

Msimu wa 1973/74 wakulima wa Tanzania walivuna korosho ghafi zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa kama tani 17,000 tu. Mikorosho haikuwa imeng'olewa. Ilisimama palepale Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Tunduru, ikitoa majani kila mwaka. Kilichoondoka ni mkono wa mkulima.

Sababu zinajulikana. Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwahamishia watu kwenye vijiji vipya, na wengi wakajikuta wanaishi mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ikawa sehemu inayozidi kupungua ya bei ya soko la nje. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, ukaingia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaopaka maua na majani machanga unga mweupe na kuyakausha. Mambo hayo matatu yalisaidiana. Shamba lililo mbali halipaliliwi, lisilopaliliwa hugeuka kichaka, ugonjwa ukija haumkuti mtu wa kuukabili, na bei nayo haimpi mwenye shamba sababu ya kurudi.

Ninaanza na anguko hilo kwa sababu bado linaeleza mengi. Mkorosho ni mti mvumilivu. Unaota kwenye mchanga unaoyashinda mahindi, unahimili kiangazi cha miezi sita, na hata ukitelekezwa utazaa chochote. Uvumilivu huo ndio uliojenga imani kwamba korosho ni zao la kuokota, si la kulima. Imani hiyo bado ipo mashambani, na ninathubutu kusema ipo hata maofisini, kwa namna fedha za zao hili zinavyopangwa: nyingi huenda kwenye dawa za msimu na shughuli za mnada, chache huenda kwenye mti wenyewe, na chache zaidi kwenye kazi inayofuata baada ya korosho kuanguka chini.

Takwimu za leo zinapendeza. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani 313,000 hivi, ikashuka kwa misimu kadhaa hadi chini ya tani 250,000, halafu msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Bei nayo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya mwanzo ya msimu huo. Pembejeo zinazogawiwa na serikali bila malipo tangu msimu wa 2021/22, pamoja na mashamba mapya yaliyopandwa miaka ya karibuni, ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Lakini mavuno yanayopanda na kushuka kiasi hicho ndani ya miaka michache yanaonyesha kwamba msingi wake bado haujakaza.

Tuanze na dawa, kwa kuwa ndiko mkulima anakotumia nguvu nyingi. Ubwiriunga husababishwa na ukungu ambao wataalamu huuita Oidium anacardii. Hupenda hali ileile inayopatikana kwenye Uwanda wa Makonde kati ya Juni na Septemba: usiku wa baridi, umande mzito, na mikorosho iliyojaa machipukizi na maua mapya. Ua lililoshikwa halifungi korosho. Hukauka na kuwa jeusi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kilichosaidia kuligeuza zao hili kwa kuthibitisha na kusambaza matumizi ya salfa ya unga. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, na mizunguko hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu hadi maua yamalizike. Mashine ya injini hubebwa mgongoni, na kazi hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga unate.

Jambo moja linalosahauliwa kuhusu salfa ni kwamba inakinga, haiponyi. Inazuia mbegu za ukungu kuota juu ya ua; ua lililokwisha kuungua halirudi. Kwa hiyo gunia la salfa linalofika kijijini mwezi wa Agosti, maua yalipoanza Juni, ni hasara hata kama limetolewa bure. Ndiyo maana ninaona kwamba tarehe ambayo gari la pembejeo limefika kijijini ina uzito kuliko idadi ya tani zilizogawiwa, na ingefaa Bodi ya Korosho itangaze tarehe hizo kwa kila chama cha msingi kama inavyotangaza bei za mnada.

Salfa ina gharama nyingine isiyoonekana mara moja. Ikianguka ardhini huongeza uchachu wa udongo. Udongo wa kichanga wa kusini una uwezo mdogo wa kujikinga na mabadiliko hayo, na watafiti walilionyesha jambo hili tangu miaka ya 1990. Mkulima anayepuliza kwa miaka 20 mfululizo bila kurudisha samadi au mboji shambani anaulinda msimu huu kwa kuukopa udongo wa watoto wake. Viuatilifu vya maji vimepunguza kidogo mzigo huo, ila navyo vinahitaji maji, na wakazi wa Uwanda wa Makonde wanajua ni umbali gani maji hutoka.

Dawa bora zaidi ya ubwiriunga ni hewa na jua. Sentensi hiyo huwakera watu waliokwisha kulipia mashine ya kupulizia, ila ndiyo hali halisi. Shamba la zamani la kusini lilipandwa kwa kutupa mbegu mbili tatu shimoni, miti ikaachwa yote, na sasa matawi yamefungamana juu kiasi kwamba mchana chini yake kuna giza. Ndani ya msongamano huo umande haukauki mapema, ukungu unastawi, na salfa inayopulizwa inaishia kwenye majani ya chini ambayo hayazai. Mkorosho huzaa nje, kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua. Miti miwili iliyogusana imepoteza pande zake mbili za kuzaa.

Nafasi inayopendekezwa nchini ni mita 12 kwa mita 12. Hesabu yake ni rahisi: hekta moja inachukua miti 69, ekari moja kama 28. Mkulima anayeona kwamba ekari yake ina miti 60 hufurahi, kumbe ana miti inayogombania mwanga na maji. Miti 28 iliyopogolewa vizuri, kila mmoja ukitoa kilo 10, ni kilo 280 kwa ekari, na salfa inayotumika ni chini ya nusu ya ile ya miti 60. Kupogolea kwenyewe si kazi ya kitaalamu sana. Baada ya mavuno unaondoa matawi yanayolala chini, yaliyokauka, yenye magonjwa na yanayopita katikati ya mti. Kila jeraha kubwa linakatwa kwa msumeno, si kwa panga, ili tawi lisichanike.

Ugumu uko kwenye kupunguza miti. Kusini shamba halihesabiwi kwa ekari, linahesabiwa kwa mikorosho. Mtu hurithi mikorosho 40, huweka rehani mikorosho 10 akiuguza, hugawana mikorosho na ndugu zake baba akifariki. Kumwambia akate nusu ya miti ni kumwambia apunguze urithi wake mbele ya macho ya ukoo. Bwana shamba anayekuja na kipeperushi cha mita 12 bila kulijua hilo ataitikiwa kwa heshima, kisha hakuna mti utakaoguswa. Njia iliyo na matumaini zaidi ni kubadilisha badala ya kuondoa: mti mzee usiozaa unakatwa ukiacha kisiki, kisiki kinachipua, na machipukizi hayo yanabebeshwa vikonyo, yaani vijitawi vilivyokatwa kwenye mkorosho bora. Mizizi ni ileile ya babu, mazao ni ya mti mpya. Mwenye shamba hajapoteza hesabu yake, na kwa kuwa mizizi imekwisha kwenda chini, mti hurudi kuzaa mapema kuliko mche uliopandwa upya.

Hapa ndipo mbegu inapoingia. Mkorosho uliooteshwa kwa mbegu hauwi sawasawa na mama yake, kwa kuwa maua huchavushwa na miti mingine. Ndiyo maana katika shamba moja utaona mti unaotoa kilo 20 na jirani yake unaotoa kilo 2, wote wakiwa wa umri mmoja. Kwa muda mrefu, chini ya watafiti kama Dkt. Peter Masawe, Naliendele ilichagua miti mama, ikaichavusha kwa makusudi na kutoa aina kadhaa bora, zikiwemo zinazojulikana kwa alama kama AC4 na AZA2. Aina hizi huhifadhiwa kwa kubebesha. Mche wa kubebeshwa huanza kutoa maua mwaka wa pili au wa tatu, na korosho zake ni kubwa na zinazolingana, jambo ambalo litakuwa na maana kubwa tukifika kiwandani. Kasoro iko katika upatikanaji. Bustani za vikonyo ni chache, na kitalu kinachouza mche wa mbegu kwa jina la mche wa kubebeshwa humwibia mkulima miaka kadhaa kabla hajagundua. Alama ya kidonda cha kubebesha kwenye shina ni rahisi kuiona. Kila mnunuzi wa miche angepaswa kuonyeshwa siku ya kwanza.

Mche bora peke yake haufuti hatari. Mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga, mikorosho ilionekana ikinyauka upande mmoja wa mti, kisha kufa kabisa. Ulikuwa mnyauko fuzari, unaosababishwa na kuvu anayeishi ardhini na kupanda kupitia mizizi. Hakuna kupuliza kunakomfikia. Jembe na viatu vyenye udongo wa shamba lililoathirika humhamisha. Sasa nchi inapanda mikorosho mbali na pwani, kwa mfano katika mashamba ya pamoja ya Manyoni mkoani Singida, na miche inasafirishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Binafsi naona hatari kubwa ya miaka 20 ijayo ni hii. Shamba kubwa lililopandwa aina moja au mbili tu likipatwa na ugonjwa wa udongo, linaondoka lote. Kuchanganya aina tano au sita ndani ya shamba ni kinga, na ukaguzi wa miche barabarani ungepaswa kuwa mkali kama ule wa korosho ghafi.

Kuhusu wadudu nitapita haraka, isipokuwa kwa mmoja. Mbu wa mikorosho na mbu wa minazi hufyonza machipukizi, maua na korosho changa, na kuacha madoa meusi na kiini kilichosinyaa. Viuatilifu vinawaua, na pia vinawaua chungu wekundu wanaoshona majani na kujenga viota juu ya mti, tunaowaita majimoto. Majimoto huwawinda mbu hao usiku na mchana bila malipo. Tafiti zilizofanyika nchini zimeonyesha kwamba mkorosho wenye majimoto wa kutosha hushambuliwa kidogo sana na wadudu hawa. Wakulima wengi huwachoma kwa sababu wanauma wakati wa kuokota, na kwa kweli wanauma sana. Ila maumivu ya wiki chache ni nafuu kuliko chupa za sumu, hasa mahali ambapo anayepuliza hana barakoa na watoto wanacheza chini ya mti huohuo.

Sasa twende chini ya mti. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake. Anayeitikisa miti au kuchuma juu huvuna changa, na korosho changa ina kiini chepesi kinachosinyaa kikikaushwa. Uokotaji unaofaa ni wa kila siku au kila baada ya siku moja, chini ya mti uliofagiliwa, na bibo linatenganishwa siku hiyohiyo kwa kulisokota bila kuacha mabaki ya nyama. Kisha zinaanikwa juani siku mbili au tatu juu ya turubai au sakafu safi, zikigeuzwa, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Korosho iliyokauka vizuri hugonga ndani ya ganda ukiitikisa, na ukucha hauachi alama juu yake. Iliyoanikwa mchangani hubeba mchanga. Iliyofungwa mbichi kwenye gunia la plastiki huchemka, kiini kikawa cha njano, na sumukuvu ikapata makazi. Gunia la katani linapumua, ndiyo maana linasisitizwa.

Haya yote mkulima anayajua. Swali ni kama analipwa kwa kuyafanya. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, ulileta manufaa ambayo hayapaswi kubezwa. Kabla yake mnunuzi alikuja mlangoni na bei yake. Sasa mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, korosho zinakusanywa ghala kuu, na vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na TAMCU vinauza kwa mnada, ambao tangu msimu wa 2024/25 unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa. Bei inaonekana na kila mtu. Kangomba, yule anayenunua kwa bakuli mwezi wa Juni korosho zitakazookotwa Oktoba, amebanwa, ingawa hajaisha, kwa sababu njaa ya Juni nayo haijaisha. Mzazi mwenye ada ya kulipa hawezi kusubiri mnada wa Oktoba. Mikopo midogo ya kati ya Juni na Septemba kupitia vyama vya msingi ingemwondoa kangomba haraka kuliko polisi.

Kasoro ya mfumo ni kwamba korosho za kijiji zima huingia kwenye lundo moja la daraja la kwanza au la pili. Mnunuzi wa nje hupima kwa namna nyingine: anachukua sampuli, anakata, na anahesabu ni ratili ngapi za kiini kizuri atazipata katika gunia la kilo 80. Korosho ya kusini mwa Tanzania hujulikana kwa kutoa ratili 48 na zaidi, na nyingine hupita 50. Tofauti ya ratili mbili tatu ni fedha nyingi kwenye meli nzima, lakini aliyeanika kwenye turubai na aliyeanika mchangani wanalipwa sawa. Kipimo hicho kingefanywa kwa kila chama cha msingi na nyongeza ya bei ikarudi kwa wanachama wake, turubai zingenunuliwa bila kampeni yoyote.

Kisha korosho inapanda meli. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mavuno yetu husafirishwa zikiwa ghafi kwenda Vietnam na India. Katika kila tani ya korosho ghafi kiini kinachouzika ni kilo 220 hadi 250. Kinachobaki karibu chote ni ganda. Tunalipia nauli ya kuvusha maganda Bahari ya Hindi, na ajira za kuyavunja zinabaki huko.

Kubangua si siri. Korosho zinapangwa kwa ukubwa, zinapikwa kwa mvuke ili kiini kiachane na ganda, zinaachwa zipoe kwa saa nyingi, zinapasuliwa, viini vinakaushwa kwenye tanuri saa sita hadi nane kwa nyuzijoto zipatazo 70, ganda laini jekundu linamenywa, kisha viini vinapangwa madaraja na kufungwa bila hewa vikiwa na unyevu usiozidi asilimia 5. Daraja la W180 lina viini kama 180 kwa ratili, W320 lina viini hadi 320. Kizima cheupe kina bei kubwa kuliko kilichovunjika, kwa hiyo faida yote ya kiwanda inategemea asilimia ya viini vinavyotoka vizima. Hapa ndipo mche wa kubebeshwa unapolipa: mashine ya kukata hurekebishwa kwa ukubwa mmoja, na korosho za ukubwa mchanganyiko humaanisha viini vilivyovunjika.

Vikundi vya wanawake Mtwara, Lindi na Mkuranga hubangua kwa mashine za mkono na mguu. Kazi hii inastahili heshima na pia ulinzi. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi inayochoma ngozi. Wanawake hujikinga kwa majivu au mafuta ya kupaka, na wengi wana vidole vyenye makovu. Anayekaanga kwenye karai juu ya moto wa kuni huvuta moshi wa mafuta hayo. Sufuria la mvuke na glavu ni hatua ndogo inayobadilisha maisha ya mtu. Mafuta hayohayo yana soko katika utengenezaji wa breki za magari, rangi na vanishi, na maganda yaliyokamuliwa huwasha boila za kiwanda, lakini mpaka kuwe na viwanda vinavyobangua kwa wingi, hakuna atakayeyakusanya.

Wengi husema tatizo la viwanda ni mashine. Historia inakataa. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua, kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani na mikopo ya Benki ya Dunia, vikiwa na uwezo wa tani 113,000 kwa mwaka. Vilijengwa Dar es Salaam, Kibaha, Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Newala, Tunduru na Mtwara. Vilipokamilika, mavuno yalikuwa yanaporomoka, na mitambo ilivunja viini kupita kiasi. Kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimesimama. Vikabinafsishwa, na vingi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni fedha ya kununua malighafi. Korosho huuzwa kwa miezi mitatu hadi minne, lakini kiwanda kinatakiwa kufanya kazi miezi 12. Kwa hiyo mwenye kiwanda lazima anunue kati ya Oktoba na Januari korosho za mwaka mzima, azilipie taslimu mnadani, azihifadhi, na alipe riba ya mkopo ambayo katika benki zetu za biashara imezoea kuwa ya tarakimu mbili. Anayeshindana naye mnadani ananunua kwa niaba ya viwanda vya Asia vyenye mikopo nafuu. Na kuna jambo la majira. Vietnam, India na Afrika Magharibi huvuna nusu ya kwanza ya mwaka. Korosho za Tanzania na Msumbiji huingia sokoni Oktoba, maghala ya Asia yakiwa yameanza kuwa matupu. Hilo hupandisha bei ya ghafi na kumnufaisha mkulima, na hapohapo humfunga mbanguaji wa ndani.

Mwaka 2018 tuliona udhaifu wa upande wa pili. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisimamia ubebaji. Mkulima alipata bei. Lakini nchi ilijikuta na zaidi ya tani 200,000 mikononi na viwanda vya kubangua sehemu ndogo tu ya hizo, hivyo sehemu kubwa ikarudi kutafutiwa mnunuzi wa ghafi kutoka nje.

Majirani wametufundisha pande zote mbili. Msumbiji, iliyokuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilishinikizwa na Benki ya Dunia katikati ya miaka ya 1990 kufungua mauzo ya ghafi. Viwanda vyake vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Bunge lake likarudisha ushuru wa asilimia 18 hadi 22 mwaka 1999, na viwanda vidogo vikaanza kufufuka Nampula. Kenya ilichagua njia nyingine: mwaka 2009 ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi. Lakini mikorosho ya Kilifi, Kwale na Lamu ilikuwa imezeeka, na viwanda vikabaki na njaa ya malighafi. Marufuku haipandi miti.

Liko pia bibo, ambalo uzito wake ni mara nane hadi kumi ya korosho yenyewe, na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Tunalitupa, au linaishia kwenye pombe za uraka na nipa. Kule Brazili, lilikotoka, juisi yake iliyochujwa ni kinywaji cha heshima mezani, na Goa nchini India pombe yake inalindwa kisheria kwa jina la eneo. Ukali wake unaondolewa kwa wanga wa muhogo, na muhogo tunao. Naliendele hufundisha juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Kinachohitajika ni chupa, friji na soko la karibu, kwa kuwa bibo halivumilii hata siku mbili.

Viwanda vipya, kikiwemo cha TANECU huko Newala, na kongani ya viwanda ya Maranje mkoani Mtwara, vitakutana na swali lilelile la Oktoba: fedha ya kununua ghafi itatoka wapi? Chanzo kipo. Kila tani ya korosho ghafi inayotoka nchini hulipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160, kinachozidi ndicho hutozwa. Hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, kisha Bunge likabadili sheria na fedha zote zikaenda Hazina. Tangu hapo sehemu imekuwa ikirudi kwa njia ya pembejeo, na hilo ni jema. Ninachowaomba wabunge wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani ni kudai sehemu isiyoguswa ya ushuru huo, iliyoandikwa katika sheria, kwa matumizi mawili: mkopo wa riba nafuu wa kununulia malighafi kwa wabanguaji wa ndani, utolewe kabla ya mnada wa kwanza na urejeshwe viini vikiuzwa, na bustani za vikonyo zenye mafundi wa kubebesha katika kila tarafa inayolima korosho. Kinachofadhili matumizi hayo ni korosho ya mkulima mwenyewe.